Risala ya Klabu ya Huduma ya Kwanza kwa Mgeni Rasmi, Bundibugyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Wilaya yetu ya Bundibugyo, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wetu, wazazi wetu, pamoja nanyi mliovuka mto Lamia kutoka Kongo kuja kutuona, wanafunzi wenzangu: hamjambo nyote.

Karibu sana, Mheshimiwa. Tunajua una mialiko mingi, na tunashukuru umeitikia wa watoto. Leo tunahitimu mafunzo ya huduma ya kwanza, na wenzangu wamenituma nikueleze kwa nini tuliyaomba.

Tunaishi chini ya Rwenzori, ndani ya Bonde la Ufa. Pale Sempaya maji yanatoka ardhini yakichemka, na wageni wanalipa kuyatazama. Ardhi hiyohiyo inayoachana ndiyo inayotikisika. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Machi 1966, ilitikisika huku Bwamba na Toro nzima: watu zaidi ya 150 wakafa, zaidi ya 1,000 wakajeruhiwa, nyumba kwa maelfu zikaanguka. Februari 1994 likaja jingine karibu na Fort Portal. Wazee waliopo hapa hawahitaji kusimuliwa na mimi.

Ombi letu ni hili: msaada uwekwe upande huu wa mlima kabla ya siku ya tetemeko jingine. Barabara yetu ya kwenda Fort Portal inapita kwenye mteremko. Desemba 2019 mvua peke yake iliporomosha udongo wilayani humu, watu wakafa, njia zikakatika. Tetemeko kubwa likija, malori ya Msalaba Mwekundu na ya Ofisi ya Waziri Mkuu yanaweza kusimama ng'ambo huku sisi tukichimba kwa mikono. Na saa za mwanzo ndizo za kuokoa. Kila palipotokea tetemeko, wengi wanaotolewa wazima hutolewa na majirani, kabla kikosi chochote chenye mbwa na mitambo hakijafika.

Katika mafunzo tulishangazwa na jambo moja. Mtu aliyelaliwa mguu na ukuta kwa saa nyingi anaweza kuwa anaongea vizuri, mkamwinua kwa furaha, akafa mikononi mwenu. Nyama iliyopondeka inamwaga sumu kwenye damu mara tu uzito unapoondoka. Moyo unasimama, au figo zinakufa siku chache baadaye. Inatakiwa awekewe dripu kabla ya kuinuliwa. Kwa hiyo jeki ya lori na mtalimbo havitoshi bila muuguzi mwenye dripu kando yake, na muuguzi huyo lazima awe wa zahanati iliyo karibu, si wa Kampala.

Baada ya hapo ni maji. Kipimo cha mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Watu 100 tu wanahitaji jerikeni 75 za lita 20 kila siku inayopambazuka. Vyoo navyo: mwanzoni kimoja kwa watu 50, baadaye kimoja kwa 20. Haiti ilipigwa na tetemeko Januari 2010. Oktoba mwaka huohuo kipindupindu kikaingia kupitia kinyesi cha kambi ya walinda amani kilichofika mtoni, kikaua maelfu ya watu. Wazazi wetu waliopita kambi ya wakimbizi ya Bubukwanga mwaka 2013, walipokimbia vita Kamango huko Kongo, wanajua foleni ya maji inavyokuwa.

Nguo kuukuu, Mheshimiwa, tunaomba zisitangulie. Watu wana huruma, lakini marobota yanajaza ghala na kuziba njia ya dawa. Maturubai ndiyo yaje. Hapa tuna bahati kidogo, maana kila nyumba yenye kakao ina turubai la kuanikia. Lakini linalolala chini ya ukuta ulioanguka halimfuniki mtu.

Kwa hiyo tunaiomba wilaya itupatie kontena moja la kuweka hapa shuleni, ndani yake jeki, mitalimbo, misumeno, machela, maturubai na vidonge vya klorini, ufunguo ukae kwa watu watatu, mmoja wao wa kijijini. Tunaomba tangi la kuvunia maji ya mvua lililojengewa msingi imara. Tena tunaomba mhandisi wa wilaya akague bweni la wasichana: kuta zake ni za matofali ya kuchoma, hazina mkanda wa zege juu, na ndimo tunamolala saa kama ile ya mwaka 1966.

Sisi kwa upande wetu tutafanya zoezi la kutoka nje kila muhula, usiku pia, hata kama baadhi ya walimu watanung'unika. Kontena likija, tutahesabu vitu vyake kila mwezi na kuleta orodha ofisini kwako.

Mheshimiwa, naomba kuwasilisha.