Macho yako hayaji yote

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu Baraka,

Hatujambo sote. Babako anakohoa kidogo, lakini ni vumbi la barabara wanayochimba hapa nje. Mzigo umeondoka na basi la usiku, na kabla hujauliza, si sanduku lote. Utafungua ukute macho matatu, vile vioo vya kuchungulia kwenye darubini yako ya nyota, na ile lenzi ya Barlow inayozidisha ukuzaji mara mbili, basi. Usinipigie simu kabla ya kumaliza kusoma.

Uliposema nyumba uliyopata Malindi iko karibu na bahari hadi unasikia mawimbi ukiwa kitandani, babako alifurahi kama aliyealikwa. Mimi nilinyamaza, ukasema "haloo, haloo," ukidhani mtandao umekatika. Haukukatika, baba. Nilikuwa nafikiria koga, ule ukungu unaoota kwenye vioo.

Najua utasema ninarudia. Ninarudia. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa huko huko pwani, na siku ya kwanza nilikabidhiwa hadubini iliyofungwa ndani ya sanduku lake la mbao, safi kwa nje, hata rangi haijachubuka. Nikaweka slaidi, nikachungulia, nikaona kitu kama utando wa buibui. Nikasafisha slaidi. Utando bado. Nikazungusha jicho la hadubini, na utando ukazunguka nalo. Ulikuwa ndani ya kioo. Hadubini ile haikuwa imeanguka wala kuibwa. Ilifungiwa tu sandukuni na mtu mwangalifu, msimu wa mvua, akajisifu kwamba ameitunza.

Kwa hiyo usinitajie usafi. Mbegu za koga ziko kila mahali hewani, ziko sebuleni kwangu, ziko kwenye shati lako. Huwezi kuzizuia. Unachoweza kuzinyima ni maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 70 na kukaa hapo siku kadhaa, zinaamka. Zinakula mafuta ya vidole, vumbi, chochote, na zinapokula zinatoa asidi inayotafuna ule mng'aro wa kijani na zambarau ulio juu ya kioo. Ukiwahi, unafuta. Ukichelewa, unafuta koga na alama inabaki, na hakuna fundi wa River Road wala wa Japani atakayekurudishia kioo kile. Sasa niambie, hapo Malindi unyevu unashuka chini ya 70 lini? Hapa tuko juu, kama mita 1,700, na bado Julai taulo halikauki.

Babako anasema, "Mpe mtoto vitu vyake." Nimempa. Hebu tupige hesabu pamoja, kwa sababu wewe ukinunua hupigi.

Darubini uliyobeba ina fokasi ya milimita 1,200, nayo unaigawa kwa milimita za jicho upate ukuzaji. Jicho la 25 linakupa mara 48. La 10 linakupa mara 120. Weka Barlow kwenye la 25 inakuwa mara 96, weka kwenye la 10 inakuwa 240, na usiku mwingi hewa yenyewe haitakuruhusu kufika huko. Hapo tayari una ngazi nne kwa macho mawili na Barlow moja. La tatu ni lile zito la kipenyo cha inchi 2, la milimita 30. Hilo nimelituma kwa sababu ulililia tu, maana mara 40 na mara 48 ni jirani, ingawa nakubali uwanja wake wa kuona ni mpana, na huko giza lipo. Mengine nane yamebaki kwangu. Una la 16 na una la 15. Una la 32, na kwa Barlow la 32 ni hilo hilo 16. Ukanunua la 20, ambalo kwa Barlow ni 10, na la 10 lilikuja na darubini ndani ya katoni! Kumbe ulinunua kitu kimoja mara tatu, kila mara ukinieleza kwamba hiki sasa ndicho kinachokosekana. Mwezi ulionunua la 16 ndio mwezi ulioniambia kodi ya nyumba imechelewa kwa sababu mshahara umechelewa. Nililipa. Sikuuliza.

La 6 silitumi hata ukiniandikia kwa mwanasheria. Kioo chake ni kama tundu la sindano, na ili uone lazima ubandike jicho hadi kope zifagie kioo. Kope zina mafuta. Kila usiku utaacha mafuta pale, na nimekwisha kukuambia nani anayala. Ukitaka kukuza bila kubandika jicho, tumia Barlow na la 25. Jicho lako litakaa mbali na kioo, utaona kwa raha, hata miwani huvui. Siku ukiwa na pesa, nunua moja zuri lenye nafasi ya milimita 15 au 20 kati ya jicho na kioo, kisha uza mawili. Si kuongeza. Kuuza na kununua.

Na yale mawili madogo ya Gikomba, yaliyokuja na darubini ya mtoto kutoka Japani, yenye maandishi H20 na SR4, hayawezi hata kuingia kwenye darubini yako. Kipenyo chake ni milimita 24.5, yako inapokea 31.7 na lile la inchi 2. Lakini haya usiyatupe. Usiniulize kwa nini. Nimeyafunga kwenye leso.

Sasa nisikilize kuhusu kuyaweka. Sanduku la mbao lisahau huko. Nimenunua kontena la plastiki la chakula, lenye mpira kwenye kifuniko na vibano vinne. Ndani nimeweka kipima unyevu kidogo na vifurushi vitatu vya silika. Hewa ya ndani ikae kati ya asilimia 40 na 50. Silika ni ya bluu. Ikigeuka ya waridi imeshiba maji, haifanyi kazi tena, hata ukiiombea. Ikaushe juu ya moto mdogo hadi bluu irudi, iache ipoe kwenye chupa iliyofungwa, ndipo uirudishe. Usiweke mchele. Najua rafiki zako wanaweka mchele, hata kwenye simu iliyoanguka ndani ya maji. Mchele una vumbi la unga, na unga ni chakula.

Usifunike jicho likiwa na umande. Hili ndilo kosa lako la siku zote. Ulikuwa ukishuka kutoka juu ya paa saa saba usiku, unabandika vifuniko juu na chini, tap tap, unalala. Umefungia maji ndani kama mtu anayefunga chupa. Yaache wazi mezani, chumba kisicho na upepo, hadi yapate joto la chumba na yakauke, hata kama ni hadi asubuhi. Na ukinunua kipoza hewa, kama ulivyotishia, usitoke na macho moja kwa moja kutoka chumba baridi kwenda nje. Yatalowa kabla hujafika mlangoni. Yatoe yakiwa ndani ya kontena, lisubiri limefungwa nusu saa.

Vumbi lipulizie kwa kile kipulizio cha mpira. Usifute kwanza, vumbi la Malindi ni mchanga, na ukifuta unapiga msasa. Tone la alkoholi liende kwenye karatasi ya lenzi, lisiende kwenye kioo. Na usiyafungue, Baraka. Ndani kuna vioo vinne au zaidi na pete kati yake, na kila kimoja kina upande wake. Maabara tulikuwa na kijana mwenye mikono mizuri kuliko yako. Alifungua moja.

Sisi tulipona kwa balbu. Mkubwa wetu alitengeneza kabati, akatoboa matundu juu na chini, akaweka balbu ya wati 40 iwake usiku na mchana. Joto dogo tu, hewa inapanda, unyevu unashuka, na hadubini hazikuota koga tena. Lakini lazima iwe balbu ya zamani ya uzi. Hizi za siku hizi zinatoa mwanga bila joto la kutosha. Nilizunguka Luthuli Avenue karibu yote, vijana wananicheka, "Mama, hizo ziliisha na wewe." Nimepata mbili, ziko ndani ya soksi ya babako. Ila tokeni za stima ni juu yako.

Uliniambia Malindi si mahali pa kudharau katika mambo ya anga, kwamba tarehe 12 Desemba 1970 Uhuru ilirushwa hapo, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, setilaiti ya kwanza kutumwa mahsusi kutazama miale ya eksirei angani. Naijua, na najivunia kwamba unaijua. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 na mimi nilikuwa na umri huo huo. Lakini Uhuru ilipita hapo ikaenda zake juu. Haikulala kabatini mwako masika nzima.

Lile la 15 lenye doa pembeni, umekwisha kusema mara nyingi kwamba yule mtu alikuuzia likiwa tayari limeota. Ulimwandikia maneno makali, nikayasoma kwa sababu uliacha kompyuta wazi. Nadhani umwandikie tena, umwombe radhi. Mimi huwa nafikiria ile sponji ya godoro niliyokukatia kwa wembe, tundu moja moja, nikaipanga ndani ya sanduku lako. Ilimwagikiwa na mafuta ya taa, ikawa inanuka, nikaifua. Ilikuwa Julai. Kwa nje ilikuwa kavu kabisa, hata niliishika na kuibonyeza. Doa wewe uliliona Septemba. Basi, umwandikie tu, si lazima umweleze habari nyingi.

Sponji hiyo nimeitoa. Haya nane sasa yako juu ya kabati la sebuleni, mbali na ukuta wa bafu, yamefungwa kama yako, na kila Jumapili nikitoka kanisani nasoma namba. Leo ilikuwa 46. Lile la 9, la aina ya orthoskopiki, nalitazama zaidi ya mengine. Maabara tulimtaja Ernst Abbe, yule mwanasayansi Mjerumani, kila siku kwa sababu ya kondensa, lenzi ya hadubini inayokusanya mwanga chini ya slaidi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ni yeye aliyebuni na hilo, mwaka 1880. La 32 babako atakuambia natembea nalo. Si kweli. Nalitumia tu kusomea karatasi ya dawa zake, maana 250, milimita za umbali wa kusomea, ukigawa kwa 32 ni karibu mara 8, na wanaochapa karatasi hizo hawana wazazi. Nalishika pembeni, kioo sikigusi.

Juu ya paa kumebaki kamba za nguo tu. Mulika mwizi ya kona imewekewa taa nyeupe mpya, hata ukitaka kuona sayari ya Mshtarii lazima ujifiche nyuma ya tangi. Watoto wa ghorofa ya tatu bado wanauliza mwenye Zohali atarudi lini. Keretaka anasema tangu uondoke ngazi zimekuwa na amani, lakini juzi nilimkuta amesimama pale juu peke yake, anatazama upande wa Msalaba wa Kusini, mikono mfukoni. Nilishuka polepole asinisikie.

Dada yako Neema amehamia zamu ya usiku, anakula kwetu asubuhi kabla ya kulala. Maji sasa ni Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa hii hayakuja. Bomba la jikoni lile ulilosema utalifunga kabla ya kuondoka, ulilifunga kwa kamba. Fundi alicheka akaomba mia tano. Shosho anauliza kama Malindi wanakula kuku, nimemwambia wanakula, amenyamaza kidogo, nadhani ana mpango wa kutuma jogoo. Nitamzuia nikiweza. Kodi yako ya mwezi wa kwanza, je, ulilipa yote au uliacha deni? Ukiwa na deni sema sasa, usingoje nisikie kutoka kwa Neema.

Kuna mtu anagonga, nadhani ni maji yamekuja. Wacha nikajaze mitungi. Mzigo ukifika unitumie ujumbe na uniandikie namba iliyo kwenye kipima, ya asubuhi na ya jioni, kwa wiki mbili za kwanza. Ukisahau asubuhi, usibuni.

Mamako

N.B. Ile sufuria ndogo ya alumini ndani ya mzigo ni ya kukaushia silika peke yake. Rangi ile ya bluu ni kobalti, ni sumu. Usiipikie chai hata siku moja, na mgeni akija, ifiche.