Kuhusu rasimu ya filamu yetu

Nyegezi, Mwanza.

Ndugu yangu Masanja,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi huku tu wazima. Nimeisoma rasimu yako ya filamu fupi ya mume na mke wanaoasili mtoto, na kuna mambo ambayo ningependa tukubaliane kabla hatujaomba kibali Bodi ya Filamu.

Naona umetumia dakika nyingi mno kwa daktari na majibu ya vipimo. Hayo watazamaji wetu wanayajua, wala sioni sababu ya kumliza mke kwa mara nyingine mbele ya kamera. Wasichokijua wengi ni njia yenyewe. Huku Kanda ya Ziwa kulea mtoto wa ndugu ni jambo la kila siku na hakuna anayedaiwa karatasi. Lakini anapoingia nyumbani mtoto asiyejulikana kwao, kwa amri ya Mahakama Kuu, ndipo maneno yanapoanza. Kwa hiyo mama mkwe, ambaye umempa maneno mawili matatu tu, apewe uzito. Mweke mwaloni Kirumba akichambua dagaa huku mwanawe akimweleza, naye asiinue macho mpaka aulize, "Huyo mtoto ni wa ukoo gani?" Kijana akose jibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto aliyeasiliwa sawa na aliyezaliwa ndani ya ndoa, lakini nani atathubutu kumsomea mama yake vifungu vya sheria mbele ya wachuuzi wenzake?

Kiini cha filamu, kwa maoni yangu, ni siku afisa ustawi wa jamii anapokuja kuikagua nyumba. Tupate nyumba ya kupanga kule Mabatini, juu kwenye mawe, ili afisa afike akihema. Mume amevaa koti lake la harusi. Mke ametundika chandarua kipya juu ya kitanda kidogo ambacho hakijalaliwa na mtu. Afisa anauliza kipato kinatoka wapi, choo wanachangia na nani, mtoto akiugua usiku watampeleka wapi, kisha anafunua pipa la maji, anachungulia, na kuandika neno ambalo hatulisomi. Hapo usiweke muziki, tafadhali, nakujua.

Sura ya mtoto tusiionyeshe kabisa, ingawa atakuwa mwigizaji. Kisa hiki tumekipata kwa watu waliotuamini, na Mwanza watu wanajuana. Sitaki mtoto wao aje kunyooshewa kidole shuleni kwa sababu yetu. Uamuzi wa jaji nao hatuuhitaji. Tukomee pale karani anapowaita ndani.

Nijulishe mapema iwapo utaweza kuja kabla ya masika, kwa kuwa mvua zikianza, njia za Mabatini huteleza na sitakubali kamera ya kukodi ipandishwe kule.

Wako,
Neema