Bima ya kazini umeikataa? Soma hii kwanza

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Jinja, naomba hii iwafikie wenye ndugu zao Marekani. Dada yangu yuko huko, kazini walimpa bima ya afya akaikataa akiona inamkata mshahara, akaenda kununua kwenye soko la bima la serikali na kwenye maombi hakuitaja ile ya kazini maana hakujua, akapewa ruzuku kila mwezi. Kufaili kodi, anaambiwa arudishe. Alinipigia WhatsApp usiku ameishika fomu 8962, ile ya kodi ya kulinganisha ruzuku uliyopewa na unayostahili, analia, ananisomea mstari kwa mstari mpaka chai ikanipolea mkononi.

Kumbe bima ya kazini ikiwa ya kiwango kinachokubalika na mchango wako mwenyewe hauzidi asilimia 9.02 ya kipato cha familia yako nzima (hiyo ni ya 2025), ruzuku si haki yako, hata uikatae! Na kuanzia mwaka wa kodi 2026 ule ukomo wa kurudisha uliokuwa unawaokoa wenye kipato kidogo umeondolewa, unarudisha yote.

Inaniuma sana, pesa hiyo ndo ilikuwa ada ya watoto wa marehemu kaka yetu. Jamani, kabla hujajaza maombi mwombe mwajiri akuandikie mchango wako ni kiasi gani.

Msomaji wenu, Jinja