Machi 8 haikuanzia New York mwaka 1857

Ndugu Mhariri,

Machi ikikaribia, magazeti yetu, lako likiwamo, hurudia kwamba Siku ya Wanawake Duniani ni kumbukumbu ya mgomo wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo wa New York, Machi 8, 1857. Watafiti wa Ufaransa walioufuatilia mgomo huo hawakupata ushahidi wake. Walichokuta ni kwamba habari yake ilichomoza mwaka 1955, katika gazeti la kikomunisti la huko, L'Humanité. Miaka 98 baadaye!

Wengine huuchanganya na moto wa kiwanda cha Triangle, hukohuko New York, uliowaua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Lakini moto huo ulikuwa wa Machi 25, 1911. Siku ya Wanawake ilikuwa imeadhimishwa siku 6 kabla.

Asili yake ni mkutano, si msiba. Agosti 1910 wanawake wasoshalisti wa nchi 17 walikutana Copenhagen. Luise Zietz alitoa hoja ya kuwa na siku ya wanawake, Clara Zetkin, msoshalisti mwenzake wa Ujerumani, akaiunga mkono, tarehe ikaachwa wazi. Mwaka uliofuata, Machi 19, wakaandamana Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi, dai kubwa likiwa kura. Na si kura yoyote: tangu mkutano wa Stuttgart wa 1907 walikataa kura ya wenye mali peke yao, maana ingempa sauti mke wa tajiri na kumwacha mfanyakazi wake wa ndani palepale alipo. Hapo ndipo walipoachana njia na watetezi wengi wa haki za wanawake wa tabaka la juu.

Machi 8 yenyewe tumeipata Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, 1917. Kalenda ya Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 13, kwa hiyo kwao ilikuwa Februari 23. Mkate ulikuwa haba, foleni ndefu kwenye baridi. Wanachama wa Bolshevik, chama cha mapinduzi cha wasoshalisti, wa mtaa wa Vyborg mjini humo waliwasihi wanawake wasigome, kwamba wakati haujafika. Wanawake wa viwanda vya nguo hawakusikia. Walizima mashine, wakaenda kwenye viwanda vya vyuma, wakarusha madonge ya theluji madirishani wakiwaita wanaume watoke. Wakatoka. Wiki moja baadaye mfalme akaachia kiti. Mwaka 1921, mkutano wa wanawake wakomunisti huko Moscow ukaifanya Machi 8 kuwa tarehe ya kudumu. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha 1975.

Hadithi ya 1857 inatuonyesha wanawake wanaopigwa na polisi tu. Kumbukumbu halisi ina wanawake wanaopitisha maazimio na kuwakatalia hata viongozi wa upande wao. Naomba basi mstari ule uondolewe kabla haujachapishwa tena mwakani, na kama nafasi ni finyu, "Copenhagen 1910, Petrograd 1917" inatosha.

Msomaji wako,
Tanga