Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali: Ng'ombe akitumbukia chooni, kipimo cha gesi kitangulie kamba

Kwa Kamishna Jenerali,
Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Tanzania.

YAH: UOKOAJI WA WANYAMA MASHIMONI, VISIMANI NA KWENYE TOPE

Ndugu Kamishna Jenerali,

Salamu, na pole kwa majukumu. Tunaokuandikia ni madaktari wa mifugo na wakufunzi wa uokoaji wa kamba. Ombi letu ni moja: simu ya mnyama aliyenasa inayoingia 114 ipokelewe kama simu ya binadamu aliye hatarini, na kila kamanda wa mkoa awe na mwongozo wa maandishi na vifaa vya kuifanyia kazi.

Wako watakaosema ng'ombe ni mali tu, na gari la zimamoto lina kazi kubwa zaidi ya hiyo. Lakini ng'ombe wa maziwa akitumbukia kwenye shimo la choo, mwenyewe hakai kusubiri. Anatafuta ngazi. Kijana wa jirani anashuka kufunga kamba, anazimia; wa pili anashuka kumtoa wa kwanza, naye anaanguka. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye matangi, mashimo na sehemu finyu za namna hiyo walikuwa watu walioingia kuokoa wengine. Kwa hiyo kikosi kinachofika mapema kwa ajili ya ng'ombe kinamzuia mtu asiingie. Na kikosi chenyewe kikishuka bila kupima hewa, askari wako ndiye anayeweza kuwa wa pili au wa tatu.

Tuanze na hewa, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Kinyesi kilichokaa hufanya ukoko juu, na chini ya ukoko huo hujikusanya haidrojeni salfaidi, methani na kaboni dioksaidi. Mnyama anapopiga mateke anauvunja ukoko, na gesi inatoka kwa mkupuo. Shimo lililokuwa salama dakika tano zilizopita laweza kuua sasa hivi. Wengi husema, "mbona ng'ombe bado yu hai?" Huo si ushahidi. Kichwa cha ng'ombe kinaweza kuwa kwenye tabaka moja la hewa, na pua ya mtu aliyeinama kupitisha mkanda chini ya tumbo ikawa kwenye tabaka jingine kabisa. Harufu nayo haitegemewi: haidrojeni salfaidi hunuka yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni pua hufa ganzi, mtu akadhani gesi imeisha.

Kushusha taa au mshumaa kupima hewa ya kisima ni desturi ya zamani, na mwongozo wako uipige marufuku kwa maneno yanayoeleweka. Moto hauonyeshi haidrojeni salfaidi, na methani ikifika asilimia 5 ya hewa hulipuka. Kinachotakiwa ni kipimo cha gesi nne chenye mrija, kisomwe juu, katikati na chini, kwa sababu methani hupanda ilhali haidrojeni salfaidi na kaboni dioksaidi hukaa chini. Kila kimo kipewe kama dakika mbili, pamoja na sekunde chache za ziada kwa kila mita ya mrija, la sivyo askari atasoma hewa ya juu akidhani ni ya chini. Mipaka inayotumika ni oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5, haidrojeni salfaidi isizidi sehemu 10 kwa milioni, kaboni monoksaidi isizidi 35, na gesi inayowaka isizidi asilimia 10 ya kiwango chake cha kulipuka. Kaboni monoksaidi inahusu visima hasa: mtu ameshusha pampu ya petroli kisimani ili apunguze maji mbuzi asizame, na moshi wa pampu umejaa mle ndani.

Kununua kipimo hakutoshi. Kitambuzi cha oksijeni huchakaa kwa takribani miaka miwili hata kikiwa kabatini. Kipimo ambacho hakijajaribiwa kwa gesi ya majaribio kinaweza kuonyesha oksijeni asilimia 20.9, kiwango cha hewa ya kawaida, siku nzima kwa sababu kimekufa. Bajeti ya vipimo iwe na mtungi wa gesi ya majaribio na vitambuzi vya kubadilisha. Vinginevyo mtakuwa mmenunua pambo.

Hewa ikiwa mbaya, feni ipeleke hewa safi hadi chini kwa bomba la turubai, gari likiwa limeegeshwa upande upepo unakoelekea ili moshi wake usirudi shimoni. Baada ya dakika 15 pimeni upya. Askari akilazimika kushuka, avae mtungi wa hewa na mkanda wa mwili uliofungwa kwenye kamba, na juu awepo mwenzake aliyekwisha kuvaa. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bari 300 humpa anayefanya kazi ngumu kama nusu saa, na nusu saa hiyo ni pamoja na kupanda kutoka. Lakini mara nyingi hakuna haja ya kushuka. Fimbo ndefu yenye ndoano butu inapitisha mkanda chini ya kifua cha ng'ombe huku mshikaji amelala juu ya mbao ukingoni.

Ukingo wenyewe ni wa kuogopwa. Kama mfuniko wa zege au magogo umeshabomoka kwa uzito wa mnyama, mabaki yake yanangoja uzito mwingine. Umati usogezwe mita 10, mbao za mita 3 zilazwe ili zigawe uzito, na gari lisikaribie. Gari lenye lita 5,000 limebeba tani 5 za maji peke yake, achilia mbali chuma. Likae mbali na ukingo kwa umbali usiopungua kina cha shimo, na mitaani kwenye udongo wa kichanga liwe mbali zaidi.

Sasa kunyanyua. Ng'ombe jike wa asili huwa na kilo 200 hadi 300. Chotara wa Friesian anapita 400. Kamba ya shingoni inaua. Pembe hung'oka, mkia hukatika, na mguu mmoja ukivutwa peke yake nyonga huteguka. Mnyama atatoka, lakini atatoka wa kuchinjwa. Mikanda miwili bapa, yenye upana wa sentimita 15, ndiyo ifanye kazi: wa kwanza upite nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele, wa pili mbele ya miguu ya nyuma. Kwa jike mkanda wa nyuma usikandamize kiwele, kwa dume usipite juu ya uume. Juu ya mgongo pawe na fito ya chuma ya kama mita 1.2 inayoitenganisha mikanda. Bila fito hiyo mikanda hukutana juu ikambana mnyama mbavu, na akibaki ananing'inia anashindwa kupumua. Hatamu ya kichwani ni ya kuelekezea tu.

Kosa tunaloomba ulisimamie wewe mwenyewe ni la ile stendi ya alumini yenye miguu mitatu ya kushushia askari. Vifaa vingi vya aina hiyo vimethibitishwa kwa uzito wa mtu mmoja au wawili. Ng'ombe wa kilo 400 akianza kupiga mateke hewani, miguu inateleza na kila aliye chini yake yumo hatarini. Kwa ng'ombe itumike kreni au kijiko (mashine ya kuchimbia) chenye sehemu rasmi ya kunyanyulia, mikanda ifungwe hapo na si kwenye meno ya ndoo. Palipo na nguzo imara ya kufungia, makapi (roda za kamba) ya nne kwa moja yanatosha: kwa hesabu kilo 400 zinakuwa 100, msuguano unazipandisha hadi 130 au 140, na watu sita wanaovuta kwa amri ya mtu mmoja wanaziweza.

Pale ambapo mashine haifiki, chimbeni njia. Shimo la mita 2 linahitaji mteremko wa mita 4, uelekee kichwani, kwa kuwa ng'ombe hutembea mbele na harudi kinyumenyume bila vita. Upana mita 1 sakafuni, kuta zilazwe nje zisiporomoke, na ukuta wa mwisho kati ya mteremko na shimo ubomolewe kwa mkono, taratibu. Ni kazi ya jasho, saa mbili au zaidi kwa majembe, lakini ng'ombe anatoka kwa miguu yake. Sisi tungeichagua hii kuliko kreni kila udongo unaporuhusu.

Kiangazi kina tatizo lake: malambo yakikauka, ng'ombe na punda hunasa kwenye tope wakifuata maji. Hapo uzito si tatizo kubwa, tope hunyonya. Ukivuta kwa nguvu, nguvu inayotakiwa yaweza kuzidi uzito wa mnyama, na kiungo ndicho kinachoachia kwanza. Chukueni bomba la nusu inchi lililotobolewa nchani, liunganishwe na mpira wa maji wa mgandamizo mdogo, lichomekwe kando ya kila mguu. Maji yakiingia chini ya kwato mnyonyo unakatika, na mnyama anateleza juu ya mbao au turubai. Askari asisimame nyuma ya punda. Kwa ng'ombe asisimame ubavuni karibu na mguu wa nyuma, kwa sababu ng'ombe hupiga teke kwa kuzungusha.

Saa pia inahesabika. Ng'ombe aliyelala ubavu au chali hashindwi kuamka tu: gesi ya tumboni inakosa njia ya kubeuliwa, tumbo linajaa, mapafu yanabanwa, na anaweza kufa ndani ya saa chache hata kama hana jeraha. Cha kwanza, kabla ya mkanda wowote, ni kumwegemeza akae kifuani, kwa marobota ya nyasi au magunia ya mchanga. Akikaa chini saa 6 misuli ya miguu ya nyuma huanza kufa kwa uzito wake mwenyewe, ndiyo maana wengine hutolewa salama wakashindwa kusimama.

Hapa ndipo daktari wa mifugo anapohitajika eneo la tukio, wala si kesho yake. Dawa ya kutuliza ya zailazini kwa ng'ombe ni takribani sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi kwa kila kilo. Anayekadiria kwa macho atamlaza ng'ombe ndani ya maji machafu. Halafu kuna jambo linaloleta ugomvi uwanjani: mnyama akishachomwa dawa, nyama yake hailiki mpaka muda wa dawa hiyo uishe. Mwenye mfugo aambiwe kabla ya sindano, achague kati ya kujaribu kuokoa na kuchinja, akijua hali halisi ya mguu uliovunjika. Tunaomba kila kituo kiwe na makubaliano ya maandishi na afisa mifugo wa wilaya, na namba yake ibandikwe mezani kwa mpokea simu.

Mpokea simu huyo ana nafasi ya kuokoa maisha kuliko yeyote. Aulize mnyama gani na mkubwa kiasi gani, yuko kwenye nini na kina gani, yuko wima au amelala, kuna waya wa umeme karibu, gari linafikaje. Kisha swali kubwa: kuna mtu yeyote ameingia? Na aseme wazi, kwa sauti ya amri, kwamba asiingie mtu, wamwekee mnyama kivuli, waondoe mbwa na watoto.

Mengine kwa ufupi. Paka aliye kwenye nguzo ya kilovolti 11 au 33 asiguswe mpaka TANESCO wamekata umeme na kuthibitisha laini imekufa. Ngazi ya mbao yenye unyevu haikingi. Nyuki waliovamia watu huzuiwa kwa ukungu wa maji na povu, askari wakiwa na mavazi kamili, lakini kundi lililotulia juu ya mti apewe mfuga nyuki, usiku. Chatu na mamba ni wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Mbwa aliyenasa ashikwe kwa fimbo yenye kitanzi, na kila askari wa kikosi hiki achanjwe kichaa cha mbwa mapema. Aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kabla ya kwenda hospitali kukamilisha chanjo.

Vifaa vyote tulivyotaja, ukiondoa kipimo, feni, mitungi, mbao na mashine, vinaingia kwenye mfuko mmoja: mikanda miwili ya mita 6 inayobeba tani 2 kila mmoja, fito, fimbo ya ndoano, hatamu za saizi mbili, makapi na kamba ya mita 60, bomba la tope, turubai nzito. Vingine vinaweza kushonwa na kuchomelewa hapa nchini, ila mikanda na makapi yawe na lebo ya uzito yanaoubeba.

Mwisho, kumbukumbu. Kikosi cha zimamoto cha London huchapisha takwimu za kila tukio la mnyama tangu mwaka 2009: aina ya mnyama, alikonasa, saa zilizotumika na gharama. Tunaomba fomu ya taarifa ya tukio iongezewe mistari ya aina hiyo, pamoja na usomaji wa gesi na kama kuna mtu aliingia kabla ya kikosi kufika. Baada ya mwaka mmoja utajua mikoa gani ipewe mifuko ya kwanza, na wilaya gani zina vyoo na visima vinavyopaswa kufunikwa kabla hatujaitwa.

Tuko tayari kufundisha kikosi cha mkoa wowote utakaouteua, kwa siku tatu, bila malipo ya ukufunzi.

Wako katika kazi,
Madaktari wa mifugo na wakufunzi wa uokoaji

Nakala: Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo