Risala ya akina mama washona kofia wa Lamu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, walimu, wazazi wenzetu, mabibi na mabwana: assalaam alaykum.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe twakushukuru kwa kuvuka kutoka Mokowe na kusi hii inavyovuma. Karibu Amu.

Sisi ni akina mama 22 tunaoshona kofia za mkono. Habari za mauzo na akiba yetu zimo katika daftari utakalokabidhiwa. Leo tumeona tuseme juu ya mwenzetu mmoja, ambaye ameketi hapa mbele na ametupa idhini yake.

Mwaka jana, baada ya Idi, alianza kuumwa mashavu ya miguu. Ukimgusa kwa kidole tu, machozi yalimtoka. Jioni homa, na mwili ukampungua hata buibui likawa linampwaya. Nyumba yake ni ya ghorofa. Ngazi alizozipanda tangu utotoni akawa anazipanda kwa kukaa, kidato kimoja kimoja, akijivuta kwa mikono. Sisi tulimkanda kwa mafuta ya simsim tukisema ni baridi yabisi. Wengine walikumbuka chikungunya iliyotupiga Lamu mwaka 2004, wakasema imerudi.

Kituo kimoja kilimpa dawa ya malaria mara tatu pasipo kumpima. Kwingine alipimwa damu, kipimo cha misuli kikaja sawa, akaambiwa hana ugonjwa, apunguze mawazo. Mheshimiwa, neno lile lilimuuma kuliko miguu.

Aliyemwokoa ni daktari wa Mombasa aliyeomba kitu rahisi kabisa: mkojo. Ulikuwa na damu na protini. Figo zilikuwa zinaharibika kimyakimya. Kisha akakatwa kipande kidogo cha msuli, kikatazamwa kwa darubini, na mishipa midogo ya damu ikaonekana imevimba. Ugonjwa huo ni vaskulaitisi. Kinga ya mwili hushambulia kuta za mishipa ya damu, njia hufinyika, na kiungo kinacholishwa na mshipa ule hukosa damu. Hupiga figo, mapafu, neva na ngozi. Kuvimbisha misuli kiasi hiki ni nadra. Na kwa kuwa moto uko kwenye mshipa zaidi kuliko kwenye nyama yenyewe, kile kipimo cha misuli, kiitwacho kreatini kinasi, chaweza kuja sawa huku mgonjwa hawezi kusimama. Hapo ndipo mwenzetu alipopotezewa miezi.

Tulisomewa kwamba mwaka 1866, mjini Freiburg, Ujerumani, madaktari Kussmaul na Maier waliandika habari za kijana wa miaka 27 aliyelegea misuli upesi na figo zake zikadhurika. Alikufa. Alikuwa fundi wa kushona nguo. Mwenzetu aliposikia alinyamaza kitambo, kisha akaomba apewe sindano yake.

Siku zile hapakuwa na dawa. Leo ipo. Alipewa prednisoloni kwa dozi kubwa pamoja na saiklofosfamidi ya kutuliza kinga, na baada ya wiki chache akashuka ngazi kwa miguu yake. Lakini prednisoloni haikatizwi ghafla, kwani mwili huwa umezoea kuitegemea. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Mwezi wa Rajabu ilikosekana siku tisa. Tulichanga, tukamtuma kijana kwa basi hadi Malindi kuitafuta.

Kwa hiyo twaomba, mheshimiwa, dawa hii isikosekane kisiwani. Twaomba mgonjwa mwenye homa isiyoisha, aliyekonda na anayeumwa misuli, apimwe mkojo kabla ya kurudishwa nyumbani, hata kama vipimo vingine ni sawa. Kijiti cha kupimia mkojo si ghali. Na anayehitaji kupelekwa Mombasa asaidiwe nauli ya boti na ya gari, maana ndugu zake hawana cha kuuza tena.

Kofia tunayokukabidhi ameishona yeye. Ukiitazama upande wa kushoto utaona vitundu havikulingana. Alivitoboa vidole vikiwa bado na ganzi. Tulijadiliana kama tuvifumue. Alikataa, nasi tukakubaliana naye.

Ni sisi akina mama washona kofia, Amu.