Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaokwenda Kusoma Baku

Wanangu,

Nasikia mmepata ufadhili Azabajani, wengine mkienda kusomea mafuta. Hongereni sana. Baku ni mji wa mafuta tangu karne ya 19, na tangu mwaka 2006 bomba lake linavuka Georgia mpaka bandari ya Ceyhan, Uturuki. Kwa mtoto wa Hoima au Tanga, habari za bomba si ngeni.

Linalonikereketa ni lugha. Mnaambiana eti Kiingereza kitatosha. Darasani, huenda. Lakini mwenye nyumba wenu, muuza mboga, na mafundi mtakaowekwa chini yao mkienda fildi, hao wana Kiazabajani chao. Usipokijua utakula, utalala, utafaulu mitihani, na utarudi hujamjua mtu.

Tena si lugha ya kuwatisha. Tazameni: ev ni nyumba, evlər ni nyumba nyingi, evlərimiz ni nyumba zetu, evlərimizdə ni katika nyumba zetu. Sisi viambishi vyetu vingi twavipanga mbele, wao wanavifuatanisha nyuma, na anayesema "hatutawapikia" bila kushika kichwa hashindwi na hayo. Ngeli hawana hata moja! Kazi ipo kwenye irabu, maana kiambishi hufuata irabu za neno: ev huzaa evlər, lakini kitab (hiyo mnaijua) huzaa kitablar. Hapo mtatoka jasho kidogo.

Na haiishii Baku. Waazabajani walioko Iran, kule Tabriz na Ardabil, ni wengi kuliko wa jamhuri yenyewe, ila wao huandika kwa herufi za Kiarabu. Jamhuri ilizitumia pia, ikaenda Kilatini, Stalin akawapa herufi kama za Kirusi, na mwaka 1991 wakarudi Kilatini. Kwa hiyo msishangae kukuta vitabu vya maktaba moja vimeandikwa kwa sura tatu.

Kituruki nacho mtakuwa mmeshakipata nusu. Nusu tu, nasisitiza. Abiria wa Baku akitaka kushuka kwenye basi hutumia kitenzi düşmək. Mturuki akikisikia hicho, anaelewa mtu anaanguka.

Wakati mnasubiri viza, zoeeni kwanza herufi ə. Imejaa kila mstari.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga